Ukubwa wa mashamba na bioanuwai ya wanyamapori mkoani Mara

Ukubwa wa mashamba ni mojawapo kati ya mambo yanayoathiri wingi na aina za wanyamapori wanaoweza kuishi katika ardhi ya kilimo. Kwa jumla, eneo lililogawanyika katika mashamba madogo yenye mazao mbalimbali, mipaka yenye majani, miti na ardhi iliyopumzishwa huwa na spishi nyingi kuliko eneo la ukubwa uleule ambalo ni shamba moja la zao moja. Hata hivyo udogo wa shamba peke yake hautoshi. Shamba dogo linalolimwa kila msimu hadi ukingoni, bila mti wala kichaka, linaweza kuwa na wanyama wachache sawa na shamba kubwa.

Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara nchini Tanzania, suala hili lina uzito wa pekee. Wilaya hizo ziko kati ya Ziwa Viktoria na mfumo wa ekolojia wa Serengeti, idadi ya watu inaongezeka haraka, na wakazi wengi huishi kwa mashamba madogo ya chakula na pamba. Mashamba hayohayo yanayowapa makao ndege na wadudu wenye faida ndiyo yanayoliwa na tembo, viboko, nyani na kwelea.

## Maana ya ukubwa wa shamba

Neno "shamba" lina maana zaidi ya moja, na tofauti hiyo ni muhimu katika mada hii.

* Miliki ya kaya: jumla ya ardhi inayolimwa na familia moja, hata kama imetawanyika mahali mbalimbali.
* Kipande: ardhi iliyolimwa mfululizo bila kukatwa na mpaka, njia au kichaka.
* Mandhari: mkusanyiko wa vipande vyote vya kijiji au bonde, pamoja na malisho, vichaka, mito na makazi yaliyomo.

Kaya yenye ekari 5 inaweza kuwa na kipande cha mihogo karibu na nyumba, kingine cha mahindi na maharage mbali kidogo, na kingine cha viazi vitamu au mpunga bondeni. Kwa nyuki, ndege au panya, kinachohesabika zaidi ni ukubwa wa kipande na vitu vinavyokizunguka. Kwa mkulima na kwa serikali, kinachohesabika ni ukubwa wa miliki. Vilevile vipande mia vidogo vilivyopandwa pamba yote wakati mmoja havitofautiani sana, kwa mdudu, na shamba moja kubwa la pamba.

Wakulima wa Tanzania hupima ardhi kwa ekari. Ekari 1 ni takriban mita za mraba 4,047, yaani hekta 0.4.

## Mazingira ya eneo

Musoma ni mji mkuu wa mkoa wa Mara, nao uko kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, iko bara upande wa kusini-mashariki; ikawa wilaya mwaka 2012. Bunda iko kusini zaidi, kati ya Ghuba ya Speke na sehemu ya magharibi ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, inayofika karibu kabisa na ziwa kwenye lango la Ndabaka. Upande wa kaskazini wa hifadhi kuna Mapori ya Akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyotangazwa mwaka 1994.

Wakazi ni pamoja na Wajita na Wakwaya karibu na ziwa, Wazanaki wa Butiama, Waikizu na Wasizaki wa Bunda, tena Wakurya, Wajaluo, Wakerewe na Wasukuma. Mazao makuu ya chakula ni mihogo, mahindi, mtama, ulezi, viazi vitamu na jamii ya kunde, na zao la biashara la siku nyingi ni pamba. Mvua hunyesha katika misimu miwili, vuli na masika. Wakulima wengi hutumia jembe la mkono au plau inayokokotwa na ng'ombe, na matrekta hukodiwa pale yanapopatikana.

Kuna maeneo yasiyolimika kirahisi ambayo yamebaki kuwa kimbilio la wanyama katikati ya mashamba. Mojawapo ni miamba mikubwa ya graniti inayoonekana pande nyingi za Musoma, Bunda na Butiama. Plau haipiti hapo, kwa hiyo vichaka hubaki kati ya mawe pamoja na pimbi, nyoka na mijusi kama Agama mwanzae, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Mengine ni kingo za mito, mabonde yenye maji na vinamasi vya mafunjo vya Mto Mara, pamoja na Masirori, ambamo huishi ndege wa mafunjo wasioweza kuishi shambani. Tena kuna misitu ya mila, kwa mfano msitu wa Muhunda karibu na Mwitongo huko Butiama, ambao kwa Wazanaki ni mahali patakatifu.

## Historia ya mashamba

Kabla ya ukoloni wakazi wa nchi hii waliishi katika makazi yaliyotawanyika. Shamba lililimwa kwa miaka kadhaa, kisha likaachwa lipumzike huku familia ikifungua jingine. Mandhari ilikuwa mchanganyiko wa mashamba, majani na vichaka vya umri mbalimbali. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake *Imagining Serengeti* cha mwaka 2007, alieleza jinsi jamii za magharibi mwa Serengeti zilivyoishi na kuitumia nchi ambayo baadaye ilionekana kana kwamba haikuwahi kuwa na watu.

Mwishoni mwa karne ya 19 tauni ya ng'ombe, njaa na magonjwa yalipunguza watu na mifugo, na vichaka vilienea pamoja na ndorobo. Wakati wa utawala wa Waingereza kilimo cha pamba kilipanuka katika kanda ya ziwa. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ilifunga njia ya kupanua mashamba kuelekea mashariki.

Badiliko kubwa lililofuata lilikuwa kuundwa kwa vijiji vya Ujamaa katika miaka ya 1970. Familia zilihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja. Mashamba ya mbali yaliachwa na kurudiwa na vichaka, kumbe ardhi iliyo karibu na vijiji ilianza kulimwa kila mwaka bila kupumzika.

Tangu hapo mashamba yamekuwa yakigawanyika. Kwa desturi ardhi ya baba hugawiwa kwa wana, na kila kizazi hupata sehemu ndogo kuliko kilichotangulia. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012 na 2,372,015 mwaka 2022, yaani ongezeko la asilimia 36 katika miaka kumi. Ardhi haikuongezeka.

## Jinsi ukubwa unavyoathiri wanyama

### Mipaka

Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, ndivyo urefu wa mipaka unavyoongezeka. Shamba la mraba la ekari 100 lina upande wa mita 636 hivi, na mzunguko wake ni kilomita 2.5 tu. Likigawanywa katika vipande 100 vya ekari moja moja, mipaka yote ya ndani na ya nje pamoja hufikia kilomita 14. Kila mpaka ukiachiwa ukanda wa majani wenye upana wa mita 1, jumla yake ni takriban ekari 3.5 ambazo hazilimwi.

Ukanda huo ni mwembamba, lakini hutosha kwa buibui, mende wanaokula wadudu, nyuki wanaotaga ardhini, mijusi na kwale. Mipaka ya minyaa na mkonge, inayopandwa ili kuzuia mifugo, huongeza mahali pa ndege kujenga viota. Tena, katika kipande kidogo hakuna mahali palipo mbali na ukingo. Katikati ya ekari moja ni mita 32 tu kutoka mpakani, umbali ambao mende au nyigu anaweza kuufikia akitafuta viwavi. Katikati ya shamba la ekari 100 ni zaidi ya mita 300.

### Mchanganyiko wa mazao

Kaya inayolima ili ile hupanda mazao mengi kwa sababu haiwezi kutegemea moja. Mihogo hukaa shambani zaidi ya mwaka na kutoa kivuli wakati mahindi yamekwisha vunwa. Kunde na alizeti hutoa maua kwa nyuki katika wiki ambazo mtama hauna kitu. Kwa hiyo chakula cha wanyama hupatikana kwa muda mrefu zaidi wa mwaka. Shamba kubwa la zao moja hutoa chakula kingi mno kwa wiki chache, kisha huwa tupu. Hali hiyo inawafaa wanyama wachache wanaozaliana haraka au wanaohama kwa makundi, nao ndio wanaoitwa waharibifu.

### Ardhi iliyopumzishwa

Hapa ndipo udogo wa shamba unapogeuka kuwa hasara kwa wanyama. Mwenye ekari 20 anaweza kulaza ekari 5 kwa misimu kadhaa. Mwenye ekari 2 hawezi, kwa sababu watoto wanataka kula mwaka huuhuu. Ardhi isiyopumzika hupoteza rutuba, magugu kama kiduha (Striga) huongezeka, na majani marefu yanayohitajiwa na ndege wa nyasi na wadudu hutoweka. Kwa hiyo kugawanyika kwa mashamba huongeza mipaka, lakini kupita kiwango fulani hufuta kabisa sehemu zisizolimwa, na mwishowe mkulima hulima hata mpaka wenyewe.

### Miti na mashine

Plau ya ng'ombe inaweza kuzunguka mwembe, mkuyu au mgunga, na mkulima mdogo huacha mti kwa ajili ya kivuli, matunda, kuni na mizinga ya nyuki. Trekta linahitaji mistari mirefu iliyonyooka, hivyo mti na kichuguu huondolewa. Dawa za kuua wadudu hutumika katika mashamba ya ukubwa wowote. Pamba hupigwa dawa hata katika ekari moja, na sumu haibagui kiwavi na nyuki.

## Matokeo ya utafiti

### Ndege wa Serengeti na mashamba jirani

Utafiti unaohusu moja kwa moja eneo hili ulitolewa mwaka 2002 na A. R. E. Sinclair, Simon Mduma na Peter Arcese. Walilinganisha ndege wa savana ndani ya Serengeti na wale wa mashamba yanayopakana nayo. Spishi zilizopatikana mashambani zilikuwa na wingi wa asilimia 28 tu ya ule wa spishi zilezile katika savana. Takriban nusu ya spishi za ndege wala wadudu, na nusu ya spishi za ndege wala mbegu, hazikuonekana mashambani kabisa. Walioathirika zaidi ni wale wanaotafuta chakula ardhini na wale wa mitini. Wadudu wa kwenye majani nao walikuwa wachache mno, jambo linaloeleza kupungua kwa ndege wanaowala.

Matokeo hayo yana maana mbili. Kwanza, mashamba ya eneo hili, ingawa ni madogo, hayawezi kuchukua nafasi ya hifadhi. Pili, ndege wanaopungua ni walewale ambao wangemsaidia mkulima. Tangu viwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda) viingie Tanzania mwaka 2017, upungufu wa maadui wa asili wa viwavi umekuwa jambo la chakula mezani.

### Utafiti wa nchi nyingine

Mwaka 2021 Vincent Ricciardi na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 118 za nchi mbalimbali. Walikuta kwamba kwa wastani mashamba madogo hutoa mavuno mengi zaidi kwa eneo, na yana anuwai kubwa zaidi ya mazao na ya viumbe wengine kuliko mashamba makubwa. Sababu zinazotajwa ni mipaka mingi zaidi, mchanganyiko wa mazao, na matumizi madogo ya dawa.

Mwaka 2019 Clélia Sirami na wenzake walichunguza mandhari 435 katika kanda 8 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Kupunguza wastani wa ukubwa wa vipande kutoka hekta 5 hadi 2.8 kulileta faida kwa bioanuwai sawa na kuongeza sehemu ya uoto wa asili kutoka asilimia 0.5 hadi 11. Ikumbukwe kwamba hekta 2.8 ni karibu ekari 7. Kipande kinachohesabiwa kuwa kidogo huko Ulaya ni kikubwa kuliko miliki nzima ya kaya nyingi za Mara.

Hoja ya upande mwingine ilitolewa mwaka 2011 na Ben Phalan na wenzake, waliofanya kazi nchini Ghana na Uhindi. Waliona kwamba spishi nyingi za ndege na miti zingenufaika zaidi ikiwa chakula kingezalishwa kwa wingi katika eneo dogo, na ardhi nyingine ikaachwa bila kulimwa. Kwa mtazamo huo, swali kuu ni kiasi gani cha ardhi kinabaki nje ya kilimo, na ukubwa wa shamba huja baada yake.

### Mashamba makubwa ya ngano ng'ambo ya mpaka

Mfano wa karibu wa mashamba makubwa ni uwanda wa Loita katika eneo la Narok nchini Kenya, upande wa kaskazini wa mfumo huohuo wa Serengeti na Mara. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa za malisho ziligeuzwa kuwa mashamba ya ngano yanayolimwa kwa mashine. Nyumbu wa Loita, ambao walikuwa wakizalia katika uwanda huo, walipungua kutoka takriban 120,000 katika miaka ya 1970 hadi karibu 22,000 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katherine Homewood na wenzake walilinganisha pande mbili za mpaka mwaka 2001. Walieleza kwamba mabadiliko makubwa ya upande wa Kenya yalisukumwa zaidi na umiliki binafsi wa ardhi na soko la kilimo cha mashine kuliko ongezeko la wafugaji na wakulima wadogo. Kwa wanyama wakubwa wanaohama, shamba kubwa lililoenea bila nafasi ni ukuta. Mashamba madogo yaliyotawanyika huacha mapengo ya kupita, ingawa kila kupita kwa wanyama kunamgharimu mtu.

## Makundi ya wanyama

Ndege. Wanaozoea mashamba ni tetere, njiwa, mnana, mbayuwayu na yangeyange, ambaye hufuata ng'ombe na plau ili ale wadudu wanaoibuliwa. Kasuku mdogo Agapornis fischeri, ambaye makao yake ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, hutumia matundu ya miti na hula pia mtama na mahindi. Wasioweza ni wale wenye mahitaji maalumu. Apalis karamojae, ndege mdogo aliye hatarini, hutegemea vichaka vya migunga ya mbugani, na vikikatwa haendi shambani bali hutoweka.

Wadudu. Nyuki, nyigu, vipepeo na mende hufuata wingi wa maua na mipaka. Katika kundi hili tofauti kati ya vipande vidogo na vikubwa huonekana mapema zaidi, kwa sababu wengi wao hawasafiri mbali.

Mamalia wadogo. Panya shamba (Mastomys natalensis) hupenda ardhi iliyolimwa. Huko Morogoro watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikuta panya hao wengi zaidi katika mashamba yaliyofyekwa na kuchomwa kuliko yaliyolimwa kwa trekta, kwa kuwa trekta huharibu mashimo na kuondoa maficho. Lakini maficho hayohayo huhifadhi nguchiro, kanu, bundi na nyoka wanaowala.

Mamalia wakubwa. Tembo, viboko, nyani, tumbili na ngiri hawaishi shambani, bali hulitembelea kwa chakula. Kwao ukubwa wa shamba haubadilishi idadi yao, ila hubadilisha uzito wa hasara.

## Hasara kwa wakulima

Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba, tembo huingia usiku wakati mahindi na mtama vinakaribia kukomaa. Kundi dogo linaweza kumaliza ekari 2 kwa usiku mmoja. Kwa mwenye ekari 50 hiyo ni sehemu ndogo ya mavuno, lakini kwa mwenye ekari 2 ni chakula cha mwaka mzima. Kulinda nako hugharimu. Familia hulala kwenye dungu, watoto hukosa shule wakati wa kuamia ndege, na watu wamejeruhiwa au kuuawa wakijaribu kufukuza tembo. Kandokando ya ziwa, mashamba ya Musoma na Bunda huvamiwa na viboko.

Kwelea (Quelea quelea) huja kwa makundi ya maelfu kwa maelfu kula mtama, ulezi na mpunga. Serikali huyadhibiti kwa kunyunyizia sumu ya fenthion mahali wanapolala, ambayo huua pia ndege wengine, pamoja na wale wawindaji wanaokula mizoga yao.

Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ziliweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa majeruhi na familia za waliouawa. Kifuta jasho kilihesabiwa kwa ekari, hadi ekari 5, na kiwango kiliongezeka kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Malipo hayo hayakukusudiwa kuwa fidia ya thamani kamili ya mazao.

## Sheria na matumizi ya ardhi

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji haki ya kumiliki ardhi kwa mila, na inaiwezesha halmashauri ya kijiji kutenga maeneo ya pamoja kama malisho na misitu. Pale mashamba yanapokuwa madogo mno kuacha kichaka, maeneo hayo ya kijiji ndiyo nafasi pekee iliyobaki kwa uoto wa asili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa zinazoweza kuharibu mazingira yake. Ukanda huo ni njia muhimu ya ndege na wanyama wadogo. Lakini ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64, hivyo mkulima ambaye ekari yake pekee iko kando ya mto angebakiwa na karibu na hakuna. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kanuni hiyo iwe rahisi kufuatwa na mwenye shamba kubwa na ngumu kwa mwenye dogo.

Katika Kata ya Nyatwali wilayani Bunda, iliyoko kati ya Serengeti na Ghuba ya Speke, serikali iliamua kuwahamisha wakazi kwa fidia ili wanyama wa hifadhi wafike ziwani. Utekelezaji ulifanyika katika miaka ya 2020. Hatua ya namna hiyo hutenganisha wanyama na kilimo badala ya kuviweka pamoja. Wanyama hupata nafasi, na waliohama huhitaji mashamba mahali pengine ambapo ardhi imekwisha kugawanywa.

## Njia za kuongeza wanyama wenye faida katika mashamba madogo

* Kilimo mseto cha miti. Shirika la Vi Agroforestry kutoka Uswidi lilianza kazi mkoani Mara katika miaka ya 1990, likiwahimiza wakulima kupanda miti ndani na kandokando ya mashamba. Miti ya mpakani haichukui nafasi kubwa, na hutoa kuni, malisho na viota.
* Mazao ya kusukuma na kuvuta. Mbinu hii ilibuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa icipe, yenye kituo huko Mbita nchini Kenya kwenye ziwa hilohilo, pamoja na washirika wao. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza nondo wa viwavi na kuzuia kiduha, na matete hupandwa kuzunguka shamba ili kuwavuta nondo nje. Hufaa hasa mashamba madogo, kwa kuwa mkanda wa matete huwa karibu na mahindi yote.
* Hifadhi ya malisho. Mkoani Shinyanga programu ya HASHI, iliyoendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004, ilifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili ipumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, pamoja na ndege na wanyama wadogo. Ngitili inaweza kuwa ya familia au ya kijiji kizima, kwa hiyo hata wenye mashamba madogo wanaweza kuwa nayo kwa pamoja.
* Pilipili na mizinga. Uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa, hupunguza uvamizi wa tembo. Gharama kwa kila ekari hushuka majirani wanapozungushia mashamba yao kwa pamoja, kwa sababu mzunguko wa nje huwa mfupi.
* Kudhibiti mimea vamizi. Chromolaena odorata imeenea mkoani Mara katika mashamba yaliyoachwa na malisho. Pale inapotawala, ardhi iliyopumzishwa haisaidii tena nyuki, ndege wala ng'ombe.

## Mjadala

Wanaotetea mashamba madogo wanataja mipaka, mazao mchanganyiko na miti. Wanaotetea kilimo cha mashine wanasema mavuno makubwa katika eneo dogo yangeokoa ardhi nyingine isilimwe. Hali ya Musoma, Bunda na Butiama haikubaliani kikamilifu na upande wowote. Mashamba tayari ni madogo, na kuyagawa zaidi hakuongezi wanyama, bali huondoa ardhi ya kupumzishwa. Kuyaunganisha kuwa mashamba makubwa kungewaacha wengi bila ardhi na kufuta mipaka iliyobaki. Ndiyo maana mkazo umekuwa ukihama kutoka idadi ya ekari za mtu mmoja kwenda kwenye sehemu ambazo kijiji kizima kinakubaliana zisilimwe: kingo za mito, miamba, misitu ya mila, malisho yaliyofungwa na mipaka kati ya jirani na jirani.

## Tazama pia

* Mkoa wa Mara
* Hifadhi ya Taifa ya Serengeti
* Bioanuwai
* Kilimo nchini Tanzania
* Kwelea
* Ziwa Viktoria